Kombe wa Bahari Nyumbani: Afugaye Kombe Hufuga Maji

Wanyama wafugwao nyumbani ni wengi, na kila mmoja ana haki yake kwa mfugaji. Mbuzi hudai majani, kuku hudai punje, mbwa hudai mfupa na neno jema. Lakini yuko kiumbe mmoja ambaye hadai chochote kwa sauti, naye ni kombe wa bahari. Akishiba hasemi, akiugua halii. Na mara nyingi mwenye nyumba hutambua kuwa pana dosari siku ambayo dosari hiyo imekwisha kuwa msiba.

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani ziko familia zinazofuga samaki na matumbawe katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, na ndani ya matangi hayo kombe mkubwa mwenye vazi la rangi ya buluu, kijani au zambarau huhesabiwa kuwa pambo kuu. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wamemwona katika picha, ama walipokuwa masomoni au kazini ng'ambo. Juma hili tunaeleza jinsi anavyotunzwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba utunzaji wake ni somo la nidhamu linaloifaa nyumba yoyote. Ya pili ni kwamba ndugu zake wanaishi katika bahari ya majirani zetu, na ni vema wajulikane kabla mtu hajashawishika kumng'oa mmoja na kumtia ndani ya ndoo.

KOMBE HUYU NI NANI

Watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria wanawajua kome wa maji matamu, ambao magamba yao husagwa na kuchanganywa katika chakula cha kuku. Kombe tunayemzungumzia ni wa ukoo huo huo wa wanyama wenye magamba mawili yaliyoungana kwa bawaba, lakini yeye ni wa maji ya chumvi tu, naye hukaa katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Wataalamu humwita Tridacna.

Aina zake ni kadhaa. Aliye mkubwa kuliko wote ni Tridacna gigas, ambaye gamba lake huweza kupita urefu wa mita 1 na robo, na uzito wake kupita kilo 200. Huyo si wa kufugwa sebuleni. Wanaofugwa mara nyingi ni wadogo zake: Tridacna derasa wa Pasifiki, Tridacna squamosa mwenye magamba yenye vigae vilivyopangana kama vya paa, Tridacna crocea ambaye hujichimbia katika jiwe na ambaye kwa kawaida hapiti sentimita 15, na Tridacna maxima mwenye rangi kali za kupendeza. Squamosa na maxima hupatikana pia katika miamba ya Kenya na Tanzania, pamoja na Unguja na Mafia.

Zamani ilisemwa kwamba kombe mkubwa humnasa mpiga mbizi kwa mguu na kumshikilia hadi afe maji. Hata kitabu cha maelekezo ya wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji la Marekani kiliwahi kueleza jinsi ya kujiokoa kwa kukata msuli unaofunga magamba. Ukweli ni kwamba hapana kifo cha namna hiyo kilichothibitishwa. Kombe mkubwa hufunga magamba yake polepole, na hufunga kwa hofu, si kwa njaa. Pembezoni mwa vazi lake la nyama ana mamia ya vijicho vidogo sana vinavyotambua kivuli. Mkono ukipita juu yake hujikunyata. Askari aliyezoea lindo atakielewa kiumbe hiki: hana mbio wala meno, kwa hiyo silaha yake ni kuwa macho.

MKULIMA ASIYE NA JEMBE

Jambo linalomtofautisha kombe huyu na wanyama wengi ni chakula chake. Ndani ya vazi lile la rangi zimo chembe za mwani, ndogo hata hazionekani kwa macho matupu, zikiishi kwa mamilioni katika mishipa myembamba inayotokana na tumbo lake. Mwani huo hupokea nuru ya jua na kutengeneza sukari kama yafanyavyo majani ya mgomba shambani, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea kombe. Yeye kwa upande wake huupa mwani makao salama, pamoja na takataka za mwili wake ambazo kwa mwani ni mbolea. Mwingereza C. M. Yonge, aliyeongoza msafara wa uchunguzi wa matumbawe ya Great Barrier Reef huko Australia mwaka 1928 na 1929, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kueleza kwa kina kwamba kombe huyu ni kama mkulima anayelima ndani ya mwili wake mwenyewe.

Aidha, kombe huvuta maji kwa tundu moja, akayachuja chembechembe za chakula, kisha akayatoa kwa tundu jingine. Kombe mchanga hutegemea sana chakula hicho cha kuchuja, na kadiri anavyokua ndivyo nuru inavyozidi kuwa riziki yake. Ndiyo maana kombe aliye chini ya sentimita 5 ni mgumu kumlea, naye anayeanza kazi hii hushauriwa achukue mwenye sentimita 7 hadi 10.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba mfugaji hana cha kumwekea kombe wake kinywani. Kilicho mikononi mwake ni vitu viwili tu, maji na nuru. Vikiwa sawa, kombe hujilisha, hujijenga na kujitibu. Vikiharibika, hapana dawa ya chupa itakayomponya. Wazoefu wa kazi hii hawajisumbui kumfuga kombe. Hufuga maji, naye kombe huishi humo.

MAJI YAWE THABITI

Tangi lisiwe dogo. Maji machache hubadilika upesi: hupata joto upesi, hupoa upesi, huchafuka upesi. Kwa kombe aina ya derasa au squamosa, ambao wakikua hupita sentimita 30, tangi lisipungue lita 300, na likizidi hapo ni bora. Likishajazwa lisitiwe kombe mara moja. Liachwe miezi 6 au zaidi likiwa na mchanga, mawe ya matumbawe yenye uhai na samaki wachache, ili vijidudu vyenye manufaa vizaliane. Kazi ya vijidudu hivyo ni kugeuza amonia, ambayo ni sumu itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Njia hii ya kutegemea mawe hai si ngeni: mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliwatangazia wafugaji wa dunia jinsi alivyotunza bahari yake ndogo kwa mawe hai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa.

Kwa wakaao mbali na pwani, maji ya bahari hutengenezwa kwa chumvi maalumu iliyochanganywa viwandani. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, wala chumvi ya Ziwa Katwe haifai, maana bahari ina madini mengine mengi kwa vipimo vyake. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yachujwe kwanza kwa mtambo wa kuchujia unaoondoa klorini na madini mazito. Lengo ni gramu 35 za chumvi katika kila kilo 1 ya maji, na kipimachumvi kitasoma karibu 1.025. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Katika miji ya nyanda za juu kama Kampala, ambako usiku huweza kupoa chini ya nyuzi 20, kipasha maji chenye kujizima chenyewe ni cha lazima.

Hapa pana jambo ambalo mama wa nyumbani atalielewa kabla ya fundi. Mchuzi ukiachwa jikoni ukachemka, maji hupungua na chumvi huzidi kuuma, kwa sababu kinachopaa ni maji peke yake. Tangi nalo hupungua kila siku kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo upungufu wa kila siku hujazwa kwa maji matamu yaliyochujwa, siyo kwa maji ya chumvi. Anayejazia maji ya chumvi kila jioni, akidhani anatenda jema, humwongezea kombe wake chumvi siku baada ya siku mpaka siku moja amkute amefunga magamba asifungue tena.

Jambo la pili ni chokaa. Kuku asiyepata chokaa hutaga yai lenye ganda laini. Hali kadhalika kombe asiyepata chokaa hawezi kujenga gamba. Lakini yeye hapewi magamba yaliyosagwa, bali huvuta kalsiamu iliyoyeyuka ndani ya maji. Kalsiamu idumishwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa kila lita. Sambamba nayo hupimwa ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili uchachu. Huo uwe kati ya digrii 8 na 11 za kipimo cha Kijerumani. Kombe anayekua vizuri huvitumia vyote viwili kila siku, kwa hiyo hupimwa kila juma na kurudishwa panapopungua.

Njia ya kale na ya gharama ndogo ni maji ya chokaa. Chokaa safi ya maabara, si ile ya kupaka ukutani, huchanganywa kiasi cha gramu 1 hadi 1 na nusu kwa lita 1 ya maji matamu. Huachwa itulie, kisha maji meupe ya juu hudondoshwa tangini tone kwa tone wakati wa usiku, yakiwa badala ya yale maji ya kujazia. Yasimiminwe kwa mara moja, kwa maana yatageuza hali ya maji ghafla. Chokaa hiyo huunguza macho na ngozi, basi ihifadhiwe mbali na watoto.

Jambo la tatu ni usafi wenye kiasi. Kila juma, au kila majuma mawili, sehemu 1 kati ya 10 ya maji iondolewe na kutiwa maji mapya yenye chumvi na joto lile lile. Hata hivyo maji yasisafishwe kupita kiasi, kwa sababu mwani ulio ndani ya kombe huhitaji nitrati kidogo kama shamba lihitajivyo samadi. Tangi lenye samaki wachache wanaolishwa kwa kadiri humfaa kombe kuliko tangi lisilo na kiumbe mwingine.

NURU

Taa ya kawaida ya sebuleni haimtoshi kombe. Katika makao yake hukaa maji machache chini ya jua kali, akilielekeza vazi lake juu. Ndani ya nyumba hutumika taa zenye nguvu zilizotengenezwa kwa matangi ya matumbawe: zamani mirija mingi ya mwanga na taa kubwa zenye joto jingi, siku hizi zaidi taa za LED ambazo hula umeme kidogo. Ziwake saa 10 hadi 12 kwa siku, zikiwashwa na kuzimwa na saa maalumu ili kombe apate mchana na usiku wa kweli.

Maxima na crocea hutaka nuru kali zaidi, kwa hiyo huwekwa juu, juu ya mawe. Derasa na squamosa huridhika na nuru ya wastani, na wanaweza kukaa chini mchangani. Yeyote kati yao akiletwa kutoka mahali penye nuru hafifu asipandishwe juu siku ile ile. Aanzie chini, apandishwe hatua kwa hatua katika majuma mawili au matatu. Nuru ya ghafla humchoma kombe, na mwani wake humtoka hata vazi likabaki jeupe.

KUMCHAGUA NA KUMWEKA

Kombe mwenye afya huwa amelitandaza vazi lake hata kupita ukingo wa gamba. Kivuli kikimpita hujikunyata mara moja. Tundu lake la kuvuta maji limekaa kama mdomo uliofunguka kidogo; likiwa limeachama wazi kabisa, huyo ni mgonjwa na asinunuliwe. Ukingo wa juu wa gamba ukiwa na mstari mweupe safi, hiyo ni alama ya ukuaji mpya.

Muhimu kuliko rangi ni kujua alikotoka. Katika miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya wavuvi kutoka Taiwan vilivuna makombe katika visiwa vya Pasifiki kwa ajili ya msuli wao uliwao, hata miamba mingi ikabaki na magamba matupu. Kombe haendi kutafuta mwenzi. Humwaga mbegu na mayai majini na kutumaini kwamba jirani yuko karibu, na jirani akiwa ameng'olewa, mamilioni ya mayai hupotea bure. Kwa sababu hiyo, kufikia mwaka 1985 ukoo wote wa makombe hawa ulikuwa umeingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kumvusha mpakani, awe hai au gamba tupu, kwahitaji kibali.

Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1980 kituo cha ufugaji wa viumbe wa bahari huko Palau, ambacho kazi yake iliongozwa na Gerald Heslinga, kilionyesha kwamba derasa anaweza kuzalishwa kwa wingi katika matangi ya nchi kavu na kukuzwa hadi kuwa mkubwa. Tangu hapo mashamba ya makombe yameenea katika visiwa mbalimbali, na mfugaji mwungwana hununua kombe aliyezaliwa shambani mwenye hati zake. Askari au jamaa yake anayetembelea pwani ya Kenya au Tanzania, naye amtazame kombe wa pale alipo na kumwacha pale alipo. Akimng'oa humpasua penye nyuzi za mguu, na kwa kawaida hufa kabla basi halijafika nusu ya njia.

Nyuzi hizo zastahili maelezo. Kombe hutoa chini yake nyuzi ngumu ambazo kwazo hulishika jiwe. Akiwa ameshika, kumvuta kwa nguvu ni kumchana tumbo. Iwapo ni lazima ahamishwe, nyuzi zikatwe kwa wembe mkali karibu na jiwe, au aachwe na jiwe lake. Wa mchangani awekewe kijiwe bapa chini yake, ili ashike hicho, na ili adui wa mchangani wasimfikie kwa chini.

Anapowasili nyumbani asitoswe tangini. Awekwe katika ndoo safi ya plastiki pamoja na maji aliyokuja nayo, na maji ya tangi yadondoke humo polepole kwa muda wa saa 1 hadi 2. Kisha awekwe mahali penye mkondo wa maji wa wastani usiompiga moja kwa moja. Baada ya hapo mikono ikae mbali. Siku za mwanzo huenda asifungue vazi lote. Kumgeuzageuza ili apendeze kwa wageni ni kumchosha, na kombe aliyechoka hachukui siku nyingi.

ADUI WA NDANI NA WA NJE

Adui wake mashuhuri ni konokono weupe wadogo, mfano wa punje ndogo za mchele, ambao mchana hujificha chini ya gamba na usiku hupanda ukingoni kumfyonza. Wachache wanaweza kuzaliana hata kuwa mamia. Kombe mgeni atengwe kwanza katika tangi la karantini, na usiku mwenye nyumba amkague kwa tochi. Magamba yasuguliwe kwa mswaki mpya usio na dawa, pamoja na kuondoa mayai yao yaliyo kama ute mweupe.

Samaki nao wachaguliwe. Kikande, bunju na wengi wa samaki vipepeo hulidonoa vazi la kombe. Kaa wakubwa na pweza hawafai kuishi naye kabisa.

Lakini adui wengi hutoka mikononi mwetu wenyewe. Shaba ni sumu kali kwa kombe. Kwa hiyo dawa za samaki zenye shaba zisitiwe tangini, wala sarafu, waya au chombo cha shaba kisiguse maji yake. Dawa ya kupuliza ya mbu au mende ikipulizwa katika chumba chenye tangi, pampu ya hewa huivuta na kuipeleka majini. Tangi lifunikwe na pampu ya hewa izimwe kabla, au bora dawa isipulizwe chumba hicho. Mikono iliyotoka kufua au kupakwa mafuta ioshwe kwa maji mengi matupu kabla ya kuingizwa majini. Na kwa usalama wa watu, kila waya wa umeme utelemke chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili matone yaishie sakafuni yasiingie kwenye soketi.

Umeme ukikatika, kombe hawezi kufa kwa giza la siku moja. Kinachoua ni kukosa hewa na kupoa kwa maji. Nyumba iwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na tangi lizungushiwe blanketi kuhifadhi joto. Kombe akifa, aondolewe saa ile ile. Nyama yake huoza upesi sana, na mmoja aliyeachwa usiku kucha huweza kuangamiza tangi zima.

ORODHA YA ZAMU

Kazi hii haimtaki mtu mwenye nguvu bali mtu asiyesahau. Ni vizuri pawe na daftari karibu na tangi na jina la mwenye zamu:

Kila asubuhi: soma kipimajoto, tazama kama pampu zinafanya kazi, pitisha mkono juu ya tangi uone kama kombe anajikunyata.

Kila jioni: jaza maji matamu hadi kwenye alama, tazama kama vazi limetandazwa na kama rangi ni ya jana.

Kila juma: pima chumvi, kalsiamu, ualkali na nitrati, andika, futa kioo, badilisha maji kwa zamu iliyopangwa.

Kila mwezi: kagua gamba kwa tochi usiku, pima urefu wa kombe kwa rula iliyowekwa nje ya kioo, safisha pampu.

Daftari hilo lina faida kuliko linavyoonekana. Kalsiamu ikishuka miligramu 10 leo hapana atakayeona kwa macho, lakini tarakimu za majuma manne zikiwekwa mstari mmoja, hata mtoto wa darasa la tano ataona zinakoelekea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa tangi la kombe huonekana kwanza katika daftari.

AMRI YA UHAMISHO INAPOFIKA

Tumelibakiza mwisho swali ambalo familia ya askari au polisi yapaswa kujiuliza mwanzo. Kombe huyu si kiumbe wa msimu mmoja. Akitunzwa vema huweza kuishi miongo mingi, naye derasa wa sentimita 8 anayeingia leo baada ya miaka michache atakuwa na ukubwa wa sinia. Askari kwa upande wake ni mtu wa amri. Leo yuko kambi hii, kesho barua ya uhamisho yaja, na lori la mizigo lina nafasi ya vitanda, masanduku na watoto. Tangi la lita 300 lina uzito wa zaidi ya kilo 300 kwa maji peke yake, na haliwezi kusafirishwa likiwa limejaa.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata pakiti ya chumvi, baba na mama wakae waulizane: Nani atashika zamu baba akiwa doria au operesheni ya miezi mitatu? Je, umeme wa kota unategemeka? Amri ya kuhama ikija, yuko nani wa kumkabidhi, mwenye tangi lililokomaa na moyo wa kazi hiyo? Kama maswali hayo hayana majibu, basi jibu limekwisha patikana, na familia itapata furaha kubwa zaidi katika tangi dogo la samaki wa maji matamu, ambao huvumilia kusafiri na kusahauliwa siku moja.

Ama kwa familia iliyotulia, yenye majibu, kombe atailipa kwa namna yake. Jioni taa za tangi zikiwa bado zawaka, watoto watamwona amelitandaza vazi lake kama kitenge kilichoanikwa, na ukingoni mwa gamba lake ule mstari mweupe wa chokaa mpya. Mstari huo ni mwembamba kama uzi. Hauji kwa mtu aliyefanya kazi kubwa siku moja, bali kwa nyumba ambayo kila asubuhi na kila jioni, bila kusimamiwa, mtu mmoja alikumbuka zamu yake.